Shahidi asiyehesabika: Peary, Henson na siku tano za Aprili 1909

Asubuhi ya tarehe 1 Aprili 1909, nahodha Bob Bartlett aliwaacha wenzake wakifunga mizigo, akaanza kutembea kuelekea kaskazini peke yake juu ya bahari iliyoganda. Alijua siku hiyo anarudishwa. Alitaka angalau aikanyage latitudo ya digrii 88 kwa miguu yake mwenyewe. Akatembea maili kadhaa, akarudi kambini, akatoa sekstanti na kupima jua. Jibu likatoka digrii 87 na karibu dakika 47. Upepo wa kaskazini ulikuwa umeisukuma barafu yote kusini, nao wamelala juu yake. Hatua zake zilikuwa zimeliwa kabla hajazipiga.

Akaagana na mkuu wa msafara, Robert Peary, akageuza mbwa, akaondoka. Kufika Ncha ya Kaskazini kulibaki maili 133 za baharini, kama kilometa 246. Waliosonga mbele walikuwa watu sita: Peary, ofisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, mwenye miaka 52, Matthew Henson, Mmarekani Mweusi wa miaka 42, aliyekuwa naye tangu 1887, na Wainughuit wanne wa kaskazini-magharibi mwa Greenland, yaani Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Tarehe 6 Aprili walipiga kambi, Peary akaiita Camp Jesup, akasema hapa ndipo.

Swali la kisa hiki limelala kwenye kule kuagana kwa asubuhi. Bartlett ndiye aliyekuwa mbele akifungua njia kwa sehemu kubwa ya safari. Alijua bahari, alijua kupima jua, na neno lake lingesikilizwa mbele ya gazeti lolote. Kwa nini arudishwe yeye, achukuliwe Henson? Wapo wanaomsifu Peary kwa hilo: mnaona, hakuwa na ubaguzi, kampeleka Mweusi mpaka kileleni. Wapo wanaosema Henson alikuwa bora kazini, basi, hakuna la ziada. Hawa wa pili wana haki kubwa zaidi, ila hawajamaliza. Nionavyo mimi, Peary alihitaji mtu ambaye mikono yake itamfikisha, halafu sifa asigawane naye. Alimpata. Gharama yake walikuja kuilipa wote wawili, kila mmoja kwa namna yake.

Kofia ya jua

Henson alizaliwa tarehe 8 Agosti 1866 huko Maryland, mwaka mmoja baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe kumalizika. Alifiwa na wazazi mapema. Akiwa na miaka 12 aliingia kazini katika meli iliyoitwa Katie Hines, bandari ya Baltimore, kama mtumishi wa chumba cha nahodha. Nahodha huyo, mzee Childs, ndiye aliyemfundisha kusoma, kuandika na mambo ya bahari. Mzee alipofariki, kijana akahangaika huku na huko mpaka akajikuta karani wa duka la kofia mjini Washington.

Mwaka 1887 Peary, mhandisi wa wanamaji, alikuwa anaelekea Nicaragua kupima njia ya mfereji. Inasimuliwa kwamba aliingia dukani humo kutafuta kofia ya kukinga jua kali, akatoka na kofia pamoja na mtumishi. Ushirika wa barafu ulianza kwa kofia ya jua! Kuanzia 1891 wakaanza safari za Greenland, na kwa miaka 18 iliyofuata Henson alikuwamo katika kila jaribio kubwa la Peary.

Jina la mtumishi lilibaki kwenye karatasi, lakini kazi ilibadilika. Wazungu wengi wa misafara ile waliongea na Wainughuit kwa ishara na maneno machache ya kuokoteza. Henson alijifunza lugha akaipata, akakaa nao, akawa anatania nao. Alijifunza kuendesha mbwa, kazi ambayo haisomwi kitabuni: kila mbwa ana kamba yake, kundi zima linatawanyika mbele kama vidole vya mkono, na mwendeshaji anamfikia mmoja anayezembea kwa ncha ya mjeledi mrefu bila kuwagusa wengine. Sleji, lile gari la mbao lisilo na magurudumu linaloburutwa na mbwa, alikuwa anaziunda mwenyewe, na zikivunjika njiani anazitengeneza mikono ikiwa imekufa ganzi. Wainughuit walimpa jina, Mahri-Pahluk, yaani Matthew yule mwema.

Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa sana mtu wa aina hii. Kwenye misafara ya kutoka Bagamoyo angeitwa mnyapara. Ndiye anayejua lugha za njiani, anayegawa mizigo, anayeamua ugomvi wa wapagazi, anayejua nani anaumwa na nani anajifanya. Sidi Mubarak Bombay alikuwa mmoja wao. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha na pensheni mwaka 1876. Chuma na Susi waliubeba mwili wa Livingstone mpaka pwani, na walipofika Uingereza wao wenyewe, mazishi yalikuwa yameshapita. Shuleni tulikaririshwa majina ya wachunguzi kwa foleni, Burton, Speke, Stanley. Hawa wengine tulikuja kukutana nao ukubwani.

Tofauti ya Henson ni kwamba bwana wake hakuwa na vidole. Majira ya baridi ya 1899 baridi ilimla Peary vidole vya miguu, akabaki na viwili tu. Kuanzia hapo alitembea kwa kuburuza nyayo, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo safari zake zilivyozidi kutegemea miguu ya mwingine. Henson alisema baadaye kwamba mwaka 1909 Peary alikaa sana juu ya sleji.

Msururu unaojipunguza

Ili kuuelewa uamuzi wa tarehe 1 Aprili, lazima uone msafara ulivyojengwa. Meli ya Roosevelt ilitoka New York Julai 1908 ikaenda kulala msimu wa giza pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Ellesmere. Mwishoni mwa Februari watu 24, sleji 19 na mbwa 133 wakaondoka Cape Columbia, mwisho wa nchi kavu. Mbele yao maili 413 za baharini, kama kilometa 765, za barafu inayoelea na kupasuka.

Hakuna sleji inayoweza kubeba chakula cha kwenda na kurudi umbali huo. Posho ya mtu kwa siku ilikuwa ratili moja ya pemikani, ambayo ni nyama iliyokaushwa na kusagwa ikachanganywa na mafuta, ratili moja ya biskuti ngumu, maziwa mazito kidogo, na chai. Mbwa nao wanakula. Kwa hiyo wengi walikwenda ili wachache wafike: kikosi kinabeba chakula cha wengine, kinafungua njia, mzigo ukipungua kinageuka. Daktari Goodsell na MacMillan walirudi katikati ya Machi, MacMillan akiwa na kisigino kilichogandishwa na baridi. Borup alirudi tarehe 20. Ross Marvin tarehe 26. Halafu Bartlett. Katikati hapo walipoteza karibu wiki nzima mbele ya ufa mkubwa wa maji, wakisubiri bahari iamue kuganda.

Marvin hakufika nyumbani. Wenzake wawili walirudi wakasema alizama kwenye maji. Mwaka 1926 mmoja wao, Kudlooktoo, alikiri kwamba alimpiga risasi. Hiyo ni kesi nyingine kabisa, naitaja kwa sababu moja: Marvin na Bartlett walikuwa wapimaji wa jua. Mpaka digrii 87 na dakika 47 vipo vipimo vya mikono mingine isiyo ya Peary. Baada ya hapo hakuna hata kimoja.

Sasa sababu zake. Katika kitabu chake cha 1910 Peary aliandika kwamba Henson alikuwa na uwezo kuliko mtu mwingine yeyote, ukiwatoa Wainughuit wenyewe, katika kuendesha sleji na kufanya kazi na watu wale. Hilo ni kweli, na MacMillan pia alilisema kwa moyo mweupe. Lakini Peary aliongeza la pili: kwamba Henson, kwa asili ya kizazi chake, hakuwa na ujasiri na uamuzi wa akina Bartlett, kwa hiyo isingekuwa haki kumrudisha peke yake na kikosi avuke barafu mpaka nchi kavu.

Tulipime hilo kidogo. Mtu yule yule anayedaiwa hawezi kuongoza kikosi kurudi kusini, kwenye njia ambayo imeshafunguliwa, anapewa kazi ya kutangulia kaskazini, mahali ambapo hakuna njia. Kama nahodha angeniambia kijana huyu hawezi kushika usukani bandarini ila bahari kuu anaweza, ningemtazama mara mbili.

Sababu ya tatu ndiyo iliyosema ukweli, na ilimtoka mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1911. Alipoulizwa mbona hakumchukua Bartlett, alijibu kwamba ncha ile ameitolea maisha yake, hakuona kama analazimika kugawana na kijana ambaye, hata awe hodari vipi, ameweka miaka michache tu katika kazi hiyo na hana haki nayo kama yeye. Wengine huongeza kwamba Bartlett alikuwa mtu wa Newfoundland, raia wa himaya ya Uingereza, na Peary alitaka sifa iende Marekani peke yake. Inawezekana. Lakini tazama jibu lake lilivyokaa. Alisema hakutaka kugawana, na wakati huo huo alikuwa na watu watano pembeni yake. Kwa hesabu yake, kufika na hao watano hakukuwa kugawana.

Siku tano

Walianza tarehe 2 Aprili na mbwa waliochaguliwa, sleji tano, na watu waliopikwa na kazi ile. Henson na Wainughuit ndio waliokuwa na kazi ya mbele. Katika moja ya siku hizo alikuwa akisukuma sleji kuvuka mapande ya barafu yanayocheza, moja likateleza chini ya miguu yake, akatumbukia. Kwenye maji yale mtu ana dakika chache tu. Ootah alimkamata nyuma ya shingo, akamvuta kama mtu anavyomvuta mtoto wa mbwa, akamvua viatu vilivyolowa na kumvalisha vikavu, halafu akaanza kumpiga piga suruali yake ya ngozi ya dubu ili maji yadondoke kabla hayajawa barafu. Wakaendelea na safari. Henson aliandika kwamba walipowafikia wenzao walikuta Peary naye ametumbukia vivyo hivyo.

Siku ya mwisho Henson alikuwa mbele. Kwa maelezo aliyotoa baadaye, alifika akasimama, akakadiria kwa uzoefu wake kwamba wameshafika na pengine wamepitiliza kidogo, akasubiri. Peary alifika nyuma yake na hakufurahi. Inavyoelekea, makubaliano yalikuwa Henson asimame kabla, mkuu amalizie mwenyewe.

Tukio linalofuata limo kwenye kitabu cha Henson cha 1912, nami nimelirudia mara nyingi kwa sababu limeandikwa kwa adabu inayouma. Peary amemaliza kupima jua. Henson anavua glavu ya mkono wa kulia, anasogea kumpongeza kwa miaka 18 ya jasho lao. Hapo, anasema, upepo ukampulizia Peary kitu jichoni, au labda ni maumivu ya kulitazama jua kwa muda mrefu. Akageuka pembeni, akayafunika macho kwa mikono yote miwili, akaagiza wasimwache alale zaidi ya saa nne.

Mkono wa Henson ulibaki hewani, kwenye baridi ile, bila glavu. Hakuandika kwamba alinyimwa mkono. Aliandika upepo. Mtu mwenye kufahamu atafahamu.

Kesho yake kukapigwa picha. Kwenye tuta la barafu wamesimama watu watano wenye bendera tano: Henson katikati na bendera ya Marekani ya hariri aliyoishona Josephine, mke wa Peary, Wainughuit wawili kila upande, mmoja wao ameshika bendera ya chama cha wanafunzi wa chuo alichosoma Peary. Sijui Egingwah na wenzake waliambiwa nini kuhusu chama hicho. Peary hayumo; ndiye aliyeshika kamera. Hivyo picha iliyozunguka dunia nzima kama picha ya Ncha ya Kaskazini ina watu watano ambao dunia haikuwahesabu.

Hesabu haikai sawa

Kwenye Ncha ya Kusini, Amundsen wa Norway, aliyefika Desemba 1911, aliacha hema. Mwezi mmoja baadaye, Januari 1912, Mwingereza Scott akalikuta, na mjadala ukaisha kwa uchungu wa Scott. Kaskazini hakuna ardhi. Bendera uliyoichomeka leo wiki ijayo iko kwingine. Kinachobaki ni karatasi na vinywa vya watu, kwa hiyo nani aliyekuwepo ndiyo kesi nzima.

Karatasi za Peary zina matatizo. Kutoka Cape Columbia mpaka kambi ya Bartlett walitumia mwezi mmoja kwa maili 280 za baharini; ukiondoa siku za kusubiri ule ufa, ni kama kilometa 20 kwa siku. Baada ya Bartlett kuondoka mwendo unaruka ghafla: maili 130 na ushee kwa siku tano, karibu kilometa 48 kila siku. Kurudi ndiko kunakoshangaza zaidi. Aliondoka ncha tarehe 7 Aprili, tarehe 23 yuko nchi kavu. Bartlett, aliyetangulia kugeuka akiwa na kilometa 246 pungufu za kwenda na nyingine kama hizo za kurudi, alifika siku chache tu kabla yake.

Zaidi ya hayo, njia nzima hakupima longitudo, yaani amepotoka kiasi gani mashariki au magharibi. Alisema alinyoosha kwa dira na makadirio kwa zaidi ya kilometa 700 juu ya barafu inayotembea, akafika alipotaka. Ukurasa wa shajara wenye maneno ya shangwe ya kufika ni karatasi iliyochomekwa, haikushonwa na kurasa nyingine. Mbunge Roberts wa kamati ile alishangaa kuona shajara ya mtu aliyekula pemikani yenye mafuta kwa wiki kadhaa bila maji ya kunawa ikiwa safi vile.

Watetezi wake wana hoja nao. Msafara mdogo huenda mbio kuliko mkubwa, mbwa walikuwa bora waliobaki, na kurudi walifuata njia na vibanda vya theluji vilivyokwishajengwa. Mwaka 2005 Tom Avery, Mwingereza, alitumia mbwa na sleji za mtindo ule, akafika kutoka Cape Columbia kwa siku 36 na saa 22, muda mfupi kidogo kuliko wa Peary. Yeye lakini hakurudi kwa sleji. Upande wa pili yupo Wally Herbert, ambaye mwenyewe alifika kwa mbwa tarehe 6 Aprili 1969. Alipewa shajara aichunguze, na mwaka 1988 akaandika kwamba Peary huenda alipungukiwa kwa makumi ya maili na kupotoka upande wa magharibi.

Mimi namwamini Herbert, kwa sababu alijua barafu ile inavyofanya. Ila popote alipokuwa Peary tarehe 6 Aprili, Henson alitangulia hapo.

Sasa mrudishe Bartlett kambini. Kipimo kimoja tu cha jua kutoka mkono wake, na saini yake, kingetosha kuzima nusu ya maneno haya. Amundsen aliondoka na wapimaji zaidi ya mmoja, na walipofika aliwataka wote watano washike mti wa bendera kwa pamoja. Peary alipoulizwa na dunia nani alikuona, alikuwa na jina la Henson na majina manne ambayo wahariri hawakuweza hata kuyaandika sawa. Wapinzani wake wakasema waziwazi: huyo ni mtumishi wake Mweusi, na hao wengine hawajui hata wako wapi. Ubaguzi ule ule aliouegemea ulikuja kumdai.

Kuna jambo hapa huwa linanifanya nitikise kichwa. Daktari Frederick Cook alitangaza tarehe 1 Septemba 1909 kwamba yeye alifika ncha tangu Aprili 1908, siku tano tu kabla ya simu ya Peary kutoka Labrador. Kambi ya Peary ilimpigaje? Iliwahoji Wainughuit wawili waliofuatana na Cook, nao wakaeleza kwamba hawakuwahi kwenda mbali na nchi kavu. Maelezo hayo yakachapishwa magazetini yakiwa na saini za Peary, Bartlett, MacMillan, Borup na Henson. Kwa hiyo neno la Mwinughuit lilikuwa na uzito wa kumwangusha Cook, na Henson alikuwa anaaminika vya kutosha kutia saini. Lilipokuja suala la Camp Jesup, uzito ukayeyuka.

Waliolipwa na wasiolipwa

Mwaka 1911 Bunge lilimpandisha Peary cheo kuwa admirali mstaafu na kumpa pensheni. Bartlett, aliyerudishwa, alipewa Medali ya Hubbard na Chama cha Jiografia cha Taifa cha Marekani mwaka 1909. Henson alifanya kazi kwenye gereji moja Brooklyn. Mwaka 1913, kwa agizo la Rais Taft, alipata kazi ya tarishi katika forodha ya New York, akapeleka mafaili huku na huko mpaka alipostaafu 1936 akiwa na miaka 70.

Wainughuit wanne walilipwa bunduki, risasi, visu na mashua kama walivyoahidiwa. Peary mwenyewe anasimulia kwamba Ooqueah, aliyekuwa kijana, alikwenda kwa sababu alitaka kuoa, na mali hizo zingemfungulia mlango kwa baba wa binti. Nakiri kwamba katika sita wale yeye peke yake ndiye ninayemwelewa bila maelezo. Deni kubwa la Peary kwa jamii ile halikuwa la mishahara. Mwaka 1897 alipakia melini kimondo cha chuma cha tani 31, kutoka mahali ambapo kwa vizazi walikuwa wakimega chuma cha visu vyao, na jumba la makumbusho la New York likakinunua kwa dola 40,000. Safari ile ile alipeleka watu sita wa jamii hiyo. Wanne walikufa katika miezi michache. Mtoto Minik alibaki yatima mjini humo, na akaja kugundua kwamba mifupa ya baba yake, Qisuk, iko makumbusho. Ilirudishwa Greenland kuzikwa mwaka 1993.

Heshima za Henson zilifika kwa vipindi. Klabu ya Wachunguzi ilimpokea 1937. Bunge likatoa medali 1944 kwa wasaidizi sita wa Peary katika safari ile, naye akiwamo. Eisenhower alimkaribisha Ikulu 1954. Alifariki tarehe 9 Machi 1955, akazikwa makaburi ya Woodlawn, Bronx. Ile Medali ya Hubbard aliyopewa Bartlett mwaka ule ule wa safari, Henson alitunukiwa mwaka 2000, miaka 45 baada ya kuzikwa.

Peary yuko Arlington tangu 1920, kwenye makaburi ya kitaifa, chini ya tufe kubwa la mawe meupe lililochongwa ramani ya dunia.

Mwaka 1986 Allen Counter, profesa wa Harvard aliyekuwa amesikia fununu, alikwenda kaskazini mwa Greenland akawakuta wazee wawili wa miaka 80, wote waliozaliwa 1906: Anauakaq, mtoto wa Henson, na Kali, mtoto wa Peary. Mama zao walikuwa Wainughuit. Baba zao waliondoka 1909 wasirudi tena, na hakuna aliyewatangaza Marekani. Wazee hao walikuwa wamekua pamoja, wakawinda pamoja, wakazeeka wakifahamiana. Mwaka uliofuata Counter aliwapeleka Marekani kuonana na ndugu zao na kuzuru makaburi ya baba zao. Kali akapelekwa Arlington, kwenye lile tufe. Anauakaq akapelekwa Bronx.

Kibali cha kumhamisha Henson kilipatikana mwaka huo huo kwa Rais Reagan. Tarehe 6 Aprili 1988, miaka 79 tangu Camp Jesup, yeye na mkewe Lucy walizikwa upya Arlington kwa heshima za kijeshi, hatua chache kutoka kwa Peary. Wajukuu kutoka Greenland walikuwepo. Anauakaq hakuwepo, alikuwa amefariki muda mfupi baada ya kurudi nyumbani kutoka Bronx.